Madeni ya siku 41: kisa cha duka la pembejeo Dodoma lililonunua programu kwa njia mbili

Usuli

Mwenye duka ni mama wa miaka hamsini na kitu, anauza pembejeo za kilimo mjini Dodoma: mbegu, mbolea, viuatilifu, mabomba ya kupulizia. Ana tawi dogo upande wa barabara ya Kongwa. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea na nimekuwa nikimtengenezea hesabu tangu 2021. Majina, mitaa na alama nyingine za kuwatambulisha wahusika nimeziondoa. Tarehe na hesabu nimeziacha kwa ruhusa yake, kwa sababu bila hizo kisa hiki hakifundishi kitu.

Anayeijua Dodoma anajua kwamba biashara hii ina msimu mmoja. Mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili zinakatika, basi. Mkulima wa Chamwino au Bahi anataka mbegu ya mtama na ya alizeti katika wiki zilezile ambazo mfukoni hana kitu. Hela yake itatoka shambani akishavuna. Kwa hiyo duka linakopesha. Mfuko wa Macia, aina ya mbegu ya mtama, unatoka leo, unalipwa baada ya miezi sita, na mara nyingine unalipwa kwa gunia la alizeti badala ya noti. Daftari la madeni ndilo duka lenyewe. Mzigo ukiibiwa utaagiza mwingine, lakini deni lisiloandikwa popote huwezi kuliagiza.

Hadi mwanzoni mwa 2022 madeni hayo yalikaa kwenye kauntabuku tatu zilizoshikiliwa na gundi ya karatasi. Mama aliamua kuhamia kwenye simu baada ya moja kulowa.

Ununuzi wa kwanza: Play Store

Machi 2022 mpwa wake, wakati huo mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), alimtafutia programu ya mauzo na madeni kwenye Play Store, duka la programu la Google. Ilikuwa ya kulipia kila mwezi, Sh 24,000. Mama hakuwa na kadi ya kulipia mtandaoni, mpwa alikuwa nayo. Wakatumia Gmail ya mpwa na kadi ya mpwa, na kila mwisho wa mwezi shangazi akawa anamtumia kijana Sh 24,000 na ya kutolea.

Programu yenyewe ilikuwa nzuri. Kumbukumbu zilikaa kwenye seva za watengenezaji, simu zote mbili ziliona hesabu moja, na maboresho yalikuja yenyewe usiku. Ila iliongea Kiingereza na haikujua debe wala gunia. Kila kitu kilikuwa "pcs". Dada wa kaunta aliandika "pcs 3" kwa magunia na "pcs 3" kwa kilo, na mimi mwisho wa mwezi nilikaa naye kukumbushana ipi ni ipi.

Juni 2023 ilifunga. Mpwa alikuwa amemaliza chuo, amepata kazi Mwanza, amebadilisha benki, na kadi ya zamani imekufa. Barua pepe za onyo zilikwenda kwenye Gmail yake, ambayo hakuwa akiisoma. Siku moja asubuhi programu ikakataa kuandika mauzo mapya. Mama alipompigia, kijana alisikitika kweli: "Shangazi, nisamehe, hata sikujua kama inadai."

Tulijaribu kuhamishia malipo kwenye Gmail ya mama, tukagundua kwamba Google haihamishi ulichonunua kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Kilicholipiwa kwa akaunti ya mpwa ni cha akaunti ya mpwa. Miezi 15 ya malipo, jumla Sh 360,000, stakabadhi zote zilikuwa kwenye barua pepe ya mtu ambaye si mfanyabiashara, kwa jina lake. Mimi kama mhasibu sikuwa na karatasi hata moja ya kuweka kwenye faili la matumizi.

Ununuzi wa pili: kwa fundi mwenyewe

Julai 2023 jirani alimleta kijana anayetengeneza programu hapahapa mjini. Hakuanza kwa kueleza bei. Alikaa mchana wa siku mbili juu ya mfuko wa mbolea karibu na kaunta, akitazama dada anavyoandika. Alichotengeneza kilikuwa cha Kiswahili, kilijua kwamba gunia la bidhaa hii si uzito wa gunia la ile, na kiliweka madeni kwa msimu badala ya kwa mwezi. Bei Sh 350,000, unalipa mara moja. Mama alilipa nusu kabla, nusu baada, kwa namba binafsi ya kijana. Risiti haikuwepo hapa pia.

Kwa nini alitaka kuuza moja kwa moja? Nilimuuliza, akajibu bila kuficha. Kwenye duka la Google, kwa malipo ya usajili, wakati huo asilimia 15 zilibaki Google. Katika kila Sh 24,000, mtengenezaji alikosa Sh 3,600. Lakini kilichomzuia zaidi ilikuwa wateja wake wenyewe. Wanalipa kwa simu, hawana kadi, na wanataka kumwona mtu uso kwa uso. Sababu hizo ni za haki, na ninazitaja kwa sababu watu wengi hudhani anayeuza nje ya Play Store ana kitu anachokimbia.

Programu ilikuja kwenye WhatsApp kama APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android. Tangu Android 8, iliyotoka 2017, ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya Play Store inatolewa kwa kila programu inayoleta faili, peke yake. Dada akaipa WhatsApp ruhusa hiyo, na ikabaki hivyo. Kila toleo jipya lilipokuja, Play Protect, mlinzi wa Google ndani ya simu, ilionya, naye akabonyeza kuendelea. Baada ya mara nne au tano onyo likawa kama hodi ya mtu wa nyumbani.

Kwa miezi 17 mambo yalikwenda vizuri kuliko wakati wowote niliowahi kufanya hesabu za duka lile. Kasoro ikisemwa saa mbili asubuhi, jioni imerekebishwa. Nilikuwa nikiwasifia wateja wangu wengine programu hii.

Tarehe 17 Desemba 2024

Ilikuwa Jumanne. Mvua ilinyesha usiku, na asubuhi foleni ilifika hadi kibarazani. Mama alikuwa tawini. Wiki moja kabla alikuwa amemwomba fundi aongeze sehemu ya kuandika deni litakalolipwa kwa mazao. Saa tatu asubuhi fundi akatuma toleo jipya.

Dada akabonyeza faili. Onyo likaja, akalipita. Halafu ukaja ujumbe ambao hajawahi kuuona: programu haiwezi kusakinishwa, inagongana na iliyopo. Akampigia.

"Kaka, hii ya leo inagoma."

"Futa hiyo ya zamani, dada, halafu weka mpya, kisha bonyeza rudisha nakala."

Alifanya kama alivyoambiwa, huku mteja akimnyooshea noti. Programu mpya ikafunguka vizuri, rangi zilezile. Juu iliandika: Wateja 0. Madeni 0. Akabonyeza rudisha nakala. Ikajibu kwamba hakuna nakala.

Kilichotokea nyuma ya pazia ni hiki. Kila programu ya Android hubeba saini ya mtengenezaji wake, inayowekwa kwa ufunguo wa siri, kama barua inavyobeba muhuri wa serikali ya mtaa. Toleo jipya lisipokuwa na muhuri uleule, simu inalikataa. Hiyo ni kinga: bila yake mtu yeyote angeweza kukutumia "toleo jipya" la programu yako ya benki. Oktoba fundi aliibiwa laptopu chumbani kwake. Msimbo wa programu, yaani maandishi ya kuitengenezea, alikuwa nao mahali pengine, lakini ufunguo wa saini ulikuwa kwenye laptopu ile tu, na ufunguo uliopotea hautengenezwi tena. Akatengeneza mwingine. Simu ilifanya kazi yake sawasawa ilipogoma. Aliyekosea ni aliyesema "futa".

Na nakala? Kulikuwa na kitufe cha kuhifadhi nakala, na dada alikibonyeza kila jioni kwa uaminifu, zaidi ya mara mia nne. Faili lilikwenda kwenye folda ya programu yenyewe. Android, ukifuta programu, inafuta na folda hiyo. Nakala zote zilikuwa ndani ya nyumba ileile iliyobomolewa.

Hapa niandike na langu. Kwenye ukaguzi wangu wa 2023 nilikiona kitufe kile nikaandika "nakala: ipo". Sikuwahi kuchukua simu nyingine nikasema, haya, turudishe tuone.

Tulichoamua, na kwa nini

Nilifika saa tano. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiweka simu pembeni na kurudi kwenye kauntabuku saa ileile, ili shimo lisiendelee kupanuka. Fundi simu mmoja alitaka Sh 80,000 kujaribu kufufua mafaili. Nilimshauri mama asilipe. Simu za siku hizi huhifadhi vitu kwa usimbaji, yaani vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa siri, na faili likishafutwa hivyo matumaini ya kulipata ni madogo mno.

Nakala moja tu ilikuwa nje ya simu: niliyotumiwa mimi kwa WhatsApp tarehe 6 Novemba kwa ajili ya hesabu za mwezi. Kwa hiyo kilichopotea kilikuwa siku 41, lakini ndizo siku 41 ambazo duka linakopesha kuliko miezi mingine yote.

Tarehe 19 tulifunga duka nusu siku tukahesabu stoo. Nakala ya Novemba ilitupa mzigo wa kuanzia, hati za wauzaji wa jumla zikatupa ulioongezeka, tukatoa uliobaki. Mzigo uliotoka, kwa bei ya kuuzia, ulikuwa Sh 31,400,000. Kisha tukakusanya kila senti iliyoonekana kuingia: taarifa ya Lipa Namba (malipo ya wateja kwa simu), risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), fedha zilizopelekwa benki. Jumla Sh 20,650,000. Tofauti, Sh 10,750,000, ndiyo iliyokopeshwa. Sasa tulijua ukubwa wa deni bila kujua ni la nani.

Usiku ule kulikuwa na mabishano ya kifamilia ambayo sikutarajia kuyashuhudia. Ndugu mmoja alitaka jambo hili lisitoke nje: wadaiwa wakijua daftari limefutika, nani atarudi? Mama alisikiliza, akasema atawaambia mwenyewe. "Wakilisikia mnadani watadhani nawatega. Nikiwaambia mimi, anayetaka kunidhulumu atanidhulumu akinitazama." Kuanzia kesho yake kila aliyeingia aliambiwa. Dada na kijana wa tawi walikaa na majina ya msimu uliopita wakakumbushana mmoja mmoja, wakapiga simu, na siku mbili tukazunguka vijijini kwa bodaboda.

Uamuzi uliobaki ulikuwa kuhusu fundi. Mimi nilitaka aachwe, turudi kwenye programu ya Play Store, safari hii kwa akaunti ya mama. Mama alikataa. Alisema kijana alikuja siku ileile, hakujitetea, alizunguka vijijini nasi bila kudai nauli, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa juu ya mfuko wake wa mbolea siku mbili ili ajifunze kazi yake. Nilimpinga. Leo naona alikuwa amepima vizuri kuliko mimi.

Tukakubaliana kwa maandishi, ukurasa mmoja. Programu iingie Play Store. Ufunguo usiwe tena mahali pamoja. Nakala itoke nje ya simu kila siku. Malipo yawe Sh 120,000 kwa mwaka kwa Lipa Namba ya biashara, na risiti.

Kuingia dukani

Watu hudhani kuweka programu Play Store ni kupakia faili tu. Januari 2025 fundi alilipa dola 25 za kujiandikisha, ambazo hulipwa mara moja. Akaunti binafsi mpya ilitakiwa kwanza iwe na wajaribu wasiopungua 12, wakibaki wamejiunga kwenye majaribio kwa siku 14 mfululizo. Alizunguka kwa wenye maduka, marafiki na dada zake kupata hao 12. Mmoja alijitoa siku ya tisa, ikabidi amtafute mwingine na kusubiri tena.

Alichopata ndicho tulichokikosa Desemba. Programu mpya za Play Store husainiwa na ufunguo unaotunzwa na Google. Mtengenezaji hubaki na ufunguo wa kupakilia tu, na huo ukipotea anaomba mwingine, maisha yanaendelea. Laptopu ikiibiwa tena, dada wa kaunta hatajua.

Upande wa malipo, programu ni ya bure kupakua. Unaingia kwa akaunti ya duka la mama, ambayo imelipiwa nje ya Play Store. Masharti ya Google yaliruhusu hilo, ila si kuweka ndani yake kitufe cha kukupeleka kulipia kwingine. Kwa hiyo mama analipa kwa fundi kwa njia aliyoizoea, na programu inaingia kwenye simu kwa njia ya Play Store. Mambo haya mawili hutajwa kama ni moja, na ndipo watu wanapojifunga bila sababu.

Binti yake aliyeko Dar es Salaam anatumia iPhone na alitaka naye aone hesabu. Apple haipokei APK, na kuingia App Store ni dola 99 kila mwaka. Tukaacha. Anaziona kwenye kivinjari.

Matokeo

Hadi mwisho wa Januari 2025 tulikuwa tumeandika upya madeni ya watu 187, Sh 8,930,000. Pengo lilibaki Sh 1,820,000.

Baada ya mavuno yakaanza kuja yale ambayo hatukuyatarajia. Mzee mmoja kutoka upande wa Chamwino aliingia na "Mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, nyuma yake kijana amebeba magunia mawili ya alizeti. Dada akatafuta jina kwenye simu, halikuwepo. Mzee akauliza, "Halipo? Basi liandike kwanza, ndipo ulifute." Hadi Agosti 2025 watu wa namna hiyo walikuwa wamerudisha Sh 640,000. Sh 1,180,000 tumeifuta vitabuni.

Uchambuzi

Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kama ushahidi kwamba usinunue nje ya Play Store. Hakisemi hivyo. Ununuzi wa kwanza ulipitia dukani kwa taratibu zote na bado mwenye pesa hakuwa mwenye akaunti. Ulikwama kwa sababu kijana mmoja alibadilisha benki. Ununuzi wa pili ulikwama kwa sababu laptopu moja iliibiwa. Mara zote mbili mama alikuwa amelipa, na mara zote mbili kitu kilichoamua kama ataendelea kufanya kazi kilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Njia mbili zilitofautiana kwa ukubwa wa hasara: ya kwanza ilifunga mlango lakini kumbukumbu zilikuwa hai kwenye seva, tukaomba mpwa aingie akatuletea orodha. Ya pili iliondoka na kila kitu. Hiyo ndiyo faida halisi niliyoiona kwa programu ile ya kigeni, na haikutokana na Play Store, ilitokana na mahali kumbukumbu zilipokaa.

Play Store ina faida zake ambazo fundi wa mtaani hawezi kukupa peke yake. Ununuzi ukikukera, ndani ya saa 48 tangu ununue unaweza kuomba Google wakurudishie pesa. Kwa fundi unategemea utu wake. Lakini kuwa Play Store si cheti cha kila kitu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na kuonekana Play Store hakumpi mtu leseni ya Benki Kuu. Hata sehemu inayoeleza programu inakusanya data gani hujazwa na mtengenezaji mwenyewe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya madeni yaliyopotea ni ule mkono wa dada uliozoea kupita onyo. Tulipoikagua simu tulikuta programu nyingine tatu zilizoingia kwa WhatsApp, moja ya mikopo, ikiwa na ruhusa ya kusoma majina yote ya simu. Simu ile ina majina, namba na madeni ya mamia ya wakulima. Hizo ni taarifa binafsi chini ya sheria ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na mwenye duka ndiye anayewajibika nazo. Kununua kwa fundi kulimfundisha dada tabia ambayo fundi hakukusudia kumfundisha. Ruhusa ya WhatsApp tumeizima, na toleo lolote linalokuja nje ya Play Store sasa halifunguliwi, hata likitoka kwa fundi. Mimi nami nimeacha kupokea nakala za madeni kwenye WhatsApp.

Toleo la Play Store liliwekwa kando ya lile la Desemba, si juu yake. Kwa wiki mbili simu ilikuwa na zote mbili na dada alilinganisha majumla kila jioni. Hilo lingefanyika tarehe 17 Desemba, kisa hiki kisingekuwepo.

Kila Jumamosi sasa dada anarudisha nakala ya wiki kwenye simu ya pili, anachagua jina moja, na mama anamuuliza deni lake ni kiasi gani. Inachukua dakika sita.

Bado lipo moja. Fundi ametafutwa na kampuni ya Dar es Salaam, na huenda akaondoka. Mkataba unasema atamwachia mama msimbo wa programu, na amefanya hivyo: uko kwenye flashi, ndani ya sanduku, pamoja na hati ya kiwanja. Hakuna mtu mwingine aliyejaribu kuijenga programu kutoka kwenye flashi ile. Nimepata kijana wa pili wa kuujaribu, na tumepanga tufanye hivyo Oktoba, kabla mvua hazijaanza.